Jina Lisilotajwa, Bunduki Zilizorudishwa

Alasiri ya tarehe 15 Januari 2019 magaidi wa Al-Shabaab walivamia hoteli ya DusitD2 na ofisi zilizo jirani nayo katika eneo la Riverside, Nairobi. Watu 21 waliuawa. Operesheni ya kuwaokoa walionaswa ndani ikiwa bado inaendelea, gazeti la New York Times lilikuwa limeshaweka mtandaoni picha ya maiti za watu waliouawa wakiwa wameketi mezani. Wakenya walikasirika, na hoja yao ilikuwa nzito: Wamarekani wakiuawa shuleni au kanisani kwao, je, gazeti hilo huwaonyesha ndugu zao katika hali hiyo? Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya lilitaka picha iondolewe na gazeti liombe radhi. Wahariri wa New York walijitetea kwamba msomaji anastahili kuuona ukatili wa shambulio kama ulivyokuwa.

Miezi miwili baadaye, tarehe 15 Machi, mtu mmoja mwenye itikadi ya ubora wa Wazungu aliingia katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, wakati wa sala ya Ijumaa, akaua waumini 51. Mimi hufundisha matukio haya mawili pamoja, kwa sababu swali la Wakenya mwezi Januari ndilo ambalo New Zealand ililazimika kulijibu mwezi Machi: habari ya mauaji inaandikwa kwa ajili ya nani?

Muuaji wa Christchurch alikuwa na jibu lake. Alijifunga kamera kichwani na kurusha mauaji yale moja kwa moja kupitia Facebook kwa dakika 17. Kabla ya hapo alikuwa amesambaza waraka mrefu wa chuki. Kwa maelezo ya Facebook yenyewe, waliotazama wakati video inarushwa hawakufika 200, na malalamiko ya kwanza ya mtumiaji yalikuja dakika 12 baada ya matangazo kwisha. Kisha ikaja mvua: katika saa 24 za mwanzo kampuni ilizuia au kufuta nakala milioni 1.5 za video ile. Nakala hizo zilisukumwa na mikono ya watu, wengine wakiwa mashabiki wa muuaji, na wengine wengi wakiwa watu wa kawaida walioshtuka, wakatuma kwa ndugu na marafiki wakisema, “tazama walichofanyiwa wenzetu.” Nia yao ilikuwa ya huruma. Matokeo yake yalikuwa yale yale aliyoyataka muuaji.

Tarehe 19 Machi Waziri Mkuu Jacinda Ardern alisimama bungeni, akaanza kwa kutoa salamu ya Kiislamu, kisha akaahidi kwamba hatalitaja jina la muuaji yule kamwe. Aliwaomba wananchi wayataje majina ya waliouawa. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa maigizo ya kisiasa. Mimi naamini ulikuwa na msingi wa kitaalamu, na msingi huo unafaa kuelezwa.

Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Sherry Towers wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walichapisha uchambuzi wa takwimu za mauaji ya halaiki na mashambulizi ya shuleni nchini Marekani. Waligundua kwamba tukio moja huongeza uwezekano wa jingine kutokea, na hali hiyo hudumu kwa wastani wa siku 13. Takwimu za namna hiyo haziwezi kuthibitisha kwamba habari ndiyo inayobeba ambukizo, lakini mtu anayepanga mauaji katika mji wa mbali atayajuaje ya mwenzake kama si kwa habari?

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Vienna, Austria, na unahusu vifo vya aina nyingine. Katika miaka ya 1980 watu wengi walianza kujiua kwa kujirusha mbele ya treni za chini ya ardhi, na magazeti yalikuwa yakieleza kila kisa kwa vichwa vikubwa na maelezo ya kina. Mwaka 1987 wataalamu wa kuzuia kujiua waliwapa wahariri mwongozo: habari isipambwe, isielezwe kwa undani jinsi tendo lilivyofanyika, isipewe ukurasa wa mbele. Magazeti yalikubali, na idadi ya waliojiua kwa njia hiyo ikashuka sana ndani ya muda mfupi. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa miongozo inayofanana na huo kwa waandishi wa nchi zote. Namna ya kusimulia ilibadilika, na watu wakapona.

Vyombo vya habari vya New Zealand havikulificha jina la muuaji moja kwa moja, na sidhani kama vingepaswa. Raia wana haki ya kujua nani ameshtakiwa mahakamani kwao, na jina likifichwa kabisa uvumi huchukua nafasi yake. Walichofanya wahariri wa vyombo vitano vikubwa, Mei 2019, ni kuwekeana masharti ya kuripoti kesi: maneno yanayotukuza ubaguzi yasipewe nafasi, waraka wake usinukuliwe, alama na ishara za mikono za itikadi yake zisionyeshwe. Mshindani wako sokoni anapokubali kujizuia pamoja nawe, kile kisingizio cha kila siku cha “tusipoonyesha sisi wataonyesha wengine” hakina tena pa kusimama. Kesi yenyewe haikusikilizwa, kwa kuwa mshtakiwa alikiri makosa yote Machi 2020. Hukumu ilipotolewa Agosti mwaka huo, siku za mahakamani zilijaa sauti za manusura na ndugu wa marehemu, na hizo ndizo zilizoongoza habari. Alifungwa maisha bila nafasi ya kuachiwa, adhabu ambayo nchi hiyo haikuwahi kuitoa kabla.

Sasa nije kwenye bunduki, ambako ndiko mjadala huwa unapotelea. Uso wa muuaji ukijaa kwenye kila ukurasa, watu huuliza juu ya utoto wake na akili yake. Uso ukiondolewa, swali linalobaki ni moja: silaha alizipataje?

Alizipata kwa njia halali. Alipewa leseni ya kawaida ya silaha mwaka 2017. Tume ya Kifalme ya Uchunguzi, iliyotoa ripoti yake Desemba 2020, iliona kwamba polisi hawakuzingatia viwango walivyopaswa kuvifuata, hasa katika kuwahoji wadhamini wake. Kwa leseni hiyo aliruhusiwa kununua bunduki nusu-otomatiki, yaani ile inayojipakia yenyewe na kufyatua risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa. Sharti lilikuwa magazini yake, yaani kikasha cha risasi, iwe ndogo. Lakini magazini kubwa ziliuzwa bila kuulizwa leseni. Ukiichomeka ile kubwa mahali pa ile ndogo, umepata silaha ya kivita ambayo kisheria ilihitaji kibali maalumu.

Mwanya huo ulijulikana. Baada ya mauaji ya watu 13 katika kijiji cha Aramoana mwaka 1990, sheria ilirekebishwa mwaka 1992 kwa kuziba kona moja na kuacha nyingine. Mwaka 1997 jaji mstaafu Thomas Thorp aliishauri serikali ipige marufuku silaha za namna hiyo na kuandikisha kila bunduki nchini. Ripoti yake ilikaa miaka 22.

Siku sita baada ya shambulio, Ardern alitangaza marufuku. Tarehe 10 Aprili Bunge lilipitisha sheria kwa kura 119 dhidi ya 1. Kati ya Julai na Desemba serikali iliwalipa fidia wenye silaha zilizopigwa marufuku na kukusanya zaidi ya bunduki 56,000. Daftari la kitaifa la silaha lilianza Juni 2023. Wawindaji na walenga shabaha walilalamika kwamba wamebebeshwa dhambi ya mtu mmoja, na kwamba fidia haikulingana na thamani ya mali yao. Malalamiko yao yalikuwa ya kweli kwao, na serikali nyingine iliyoingia mwisho wa 2023 ilianza kuipitia upya Sheria ya Silaha. Hata hivyo, hakuna aliyekuwa na hoja ya kutosha kuutetea ule mwanya wa magazini.

Marekani ilipita njia tofauti. Desemba 2012 watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa katika shule ya Sandy Hook. Aprili iliyofuata pendekezo la kupanua uchunguzi wa wanunuzi wa silaha lilipata kura 54 katika Seneti, likakwama kwa sababu zilihitajika 60. Kwa miezi hiyo yote mauzo ya bunduki yalipanda, watu wakihofia kwamba sheria kali inakuja. Huko umiliki wa silaha umelindwa na katiba, na habari nzuri peke yake haiwezi kuivuka kinga hiyo.

Kwetu Afrika Mashariki, tuliopitia mashambulizi ya Westgate mwaka 2013 na Garissa mwaka 2015, silaha nyingi za magaidi huvuka mipaka bila leseni ya mtu yeyote. Sheria ya New Zealand haiwezi kunakiliwa hapa. Maswali yake yanaweza: silaha ilitoka wapi, ilipita mikononi mwa nani, nani alilipwa ili afumbe macho? Wahariri wenzangu, kaeni mezani pamoja mwandike masharti yenu sasa, wakati hakuna king'ora kinacholia. Nawe msomaji, ukitumiwa video ya mauaji, ifute. Kisha mwulize mbunge wako maswali hayo matatu.