Wangari: Ndoa Ilivunjika, Miti Ikaota

Hebu jiulize, mpenzi msomaji: mwenzi wako akikuzidi kisomo, utafurahi au utanuna?

Wangari Maathai, mwanasayansi kutoka Nyeri, Kenya, alipata shahada ya uzamivu mwaka 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement; kina mama wakaotesha miche na kulipwa kidogo kwa kila mche ulioshika. Mwaka huohuo mumewe akaondoka. Baada ya talaka ya 1979 akatakiwa aliache jina la mume. Yeye akaongeza tu “a” moja: Mathai ikawa Maathai!

Mwaka 2004 akatunukiwa Nobel ya Amani. Alipofariki 2011, harakati yake ilishapanda miti zaidi ya milioni 30.

Kaka, mke msomi si mpinzani wako. Na wewe dada, ukiachwa, usiiache kazi yako.