Jinsi Kilatini Kilivyoenea Kutoka Kambini

Mara nyingi husemwa kwamba Warumi waliwalazimisha watu waliowashinda kusema Kilatini. Tukiuchunguza ushahidi uliobaki, twaona kwamba mwalimu mkubwa wa lugha hiyo alikuwa kambi ya jeshi. Humo askari aliapa, alipokea amri na mshahara, na aliomba likizo, yote kwa Kilatini.

Tuwatazame Wabatavi, kabila lililokaa karibu na mdomo wa mto Rhine, katika nchi iitwayo leo Uholanzi. Roma haikuwatoza kodi, bali iliwadai vijana wa jeshi. Mwaka 69 waandikishaji waliwakamata wazee na wagonjwa ili wahongwe ndipo wawaachilie. Kabila likaasi. Kiongozi wake, Julius Civilis, alikuwa na jina la Kirumi na alikuwa ameitumikia Roma miaka 25. Lugha na cheo havikuuzuia uasi pale haki ilipokosekana.

Uasi ulizimwa mwaka 70. Yapata mwaka 100, kikosi cha Wabatavi kilikuwa katika ngome ya Vindolanda, kaskazini ya Uingereza. Tangu mwaka 1973 wachimbuzi wamefukua huko mamia ya vibao vyembamba vya mti vilivyoandikwa Kilatini kwa wino. Katika kimoja, kiongozi wa wapanda farasi aitwaye Masclus anamwuliza kamanda wake, Cerialis, amri za kesho, kisha anasema kwamba askari wake hawana bia, na aomba wapelekewe. Kibao kingine ni orodha ya kikosi cha Watungri, watu wa Ubelgiji ya leo: jumla askari 752, wasiokuwepo 456, waliopo 296, na kati yao 31 hawafai kazi kwa ugonjwa, majeraha au macho. Karani yeyote wa kombania angeitambua orodha hiyo mara moja.

Baada ya miaka 25 askari wa namna hii alipewa uraia wa Kirumi, nao ulithibitishwa kwa mabamba ya shaba nyeusi. Mwaka 212 Kaisari Caracalla aliwapa uraia karibu watu huru wote wa dola.

Hata hivyo kambi peke yake haikutosha. Mashariki, Kigiriki hakikung'oka. Uingereza, majeshi yalipoondoka mwanzoni mwa karne ya 5, Kilatini hakikudumu kuwa lugha ya watu. Lakini Ufaransa na Hispania, ambako wenyeji walikuwa wamekiingiza majumbani mwao, kiliendelea hadi kikawa Kifaransa, Kihispania na Kireno.

Jambo hili si geni kwetu. Kiswahili nacho kilienea katika majeshi ya Afrika ya Mashariki kupitia King's African Rifles. Na huko Uganda, raia wengi walikiogopa kwa miaka mingi, kwani walikisikia vizuizini kutoka vinywa vya wenye bunduki. Basi yatupasa tukumbuke, askari na polisi, kwamba raia huipima lugha yetu kwa matendo yetu.