Kabla Fundi Hajajaza Gesi

Friji linalokufa mara kwa mara huenda halina upungufu wa gesi. Huenda lina uchafu ndani ya mabomba.

Ni Jumamosi, siku ya usafi. Friji limezimwa, mlango uko wazi, lakini barafu iliyoganda kwenye sehemu ya juu haitaki kuachia. Msichana wa kazi, au mtoto mkubwa aliyetumwa kusaidia, anachukua kisu. Anachokoa mara moja, mara mbili, na mara ya tatu inasikika sauti ya “ssss” kama ya tairi la baiskeli lililochomwa mwiba. Gesi imetoka. Maji ya barafu inayoyeyuka yako pale pale juu ya tundu.

Yanayofuata akina mama wengi tunayajua. Fundi anaitwa, anaziba tundu, anajaza gesi na kulipwa fedha zake. Friji linagandisha vizuri wiki mbili au tatu, kisha linaanza kulegea. Fundi anarudi, anaongeza gesi. Linalegea tena. Mara ya tatu anatikisa kichwa na kusema, “Mama, kompresa imekufa.” Kwa familia ambayo mama anauza barafu, juisi na lambalamba, hiyo si habari ya friji tu. Ni ada ya shule, ni mchango wa upatu, na pengine ni ugomvi na baba aliyekwisha kutoa fedha mara mbili.

Si lazima fundi huyo awe mwongo. Tundu aliliziba kweli. Ila kilichoingia kupitia tundu lile hakukitoa.

Adui anayeitwa maji

Ndani ya friji kuna mzunguko uliofungwa pande zote. Kompresa, ile mashine nyeusi ya chini nyuma, husukuma gesi kwenye mabomba ya nyuma ambako hupoa na kuwa kimiminika. Kimiminika hicho hupita kwenye kichujio kidogo ambacho mafundi hukiita filta, halafu huingia kwenye bomba jembamba sana linaloitwa kapilari. Tundu la bomba hilo kwa kawaida halifiki hata milimita 1. Likitoka hapo linaingia sehemu ya kugandishia, linageuka tena kuwa gesi na kufyonza joto la chakula chako. Pamoja na gesi huzunguka pia mafuta kidogo ya kulainisha kompresa.

Katika mzunguko huo hapatakiwi kitu kingine chochote. Tone la maji likiingia, husafiri mpaka kwenye mdomo wa kapilari, mahali penye baridi kali, na hapo huganda na kuziba njia. Friji linaacha kupoza. Ukilizima kwa saa kadhaa, kile kipande cha barafu huyeyuka, ukiliwasha linapoza tena vizuri, kisha linaziba tena. Mama akiona mwenendo huo, asikubali haraka kuambiwa kwamba gesi imepungua. Gesi iliyopungua hairudi yenyewe kwa sababu friji limepumzishwa.

Ubaya wa maji hauishii hapo. Yakikaa na mafuta na gesi kwenye joto la kompresa, hutengeneza asidi. Asidi hiyo hula taratibu rangi ya kinga inayofunika nyaya za mota, mpaka siku moja nyaya zinagusana na mota inaungua. Ndiyo sababu kompresa hufa miezi kadhaa baada ya ajali ya kisu, na hakuna anayekumbuka tena kisu kile. Friji zinazotumia gesi ya R134a ni dhaifu zaidi kwa jambo hili, kwa kuwa mafuta yake ya kutengenezwa viwandani hunyonya unyevu wa hewani kama chumvi iliyoachwa wazi wakati wa masika. Huko Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambako hata biskuti hulegea ndani ya siku moja, mabomba yakiachwa wazi usiku kucha yamekwisha kuharibika.

Uchafu mwingine ni hewa yenyewe, ambayo haigeuki kimiminika na hivyo huzidisha shinikizo na joto. Magamba meusi yanayobaki ndani ya bomba la shaba fundi anapochomelea. Vumbi la chuma. Na masizi ya kompresa iliyoungua.

Usafishaji wa kweli unavyofanyika

Tuchukue mfano. Fundi kijana anafika mlangoni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, karibu baba. Friji lilitobolewa na kisu, likaingia maji.”

“Hakuna tabu mama. Naziba, najaza gesi, saa moja tu nimemaliza.”

Hapo ndipo mama anapaswa kuuliza kwa upole, bila kumvunjia heshima: “Maji yaliyoingia utayatoaje? Filta unabadilisha? Una pampu ya kuvuta hewa?” Fundi anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa. Asiyejua ataanza kukasirika, na hasira hiyo nayo ni jibu.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kwanza mfumo hufunguliwa. Kama maji yaliingia kwa wingi, kompresa hutolewa na mafuta yake humwagwa kwenye chombo. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa yana maji. Yakiwa meusi na yenye harufu kali ya kuungua, mota imeungua na asidi ipo. (Mafuta hayo ya kuungua yasiguswe kwa mikono mitupu, wala yasimwagwe uani wanakocheza watoto. Yanachoma ngozi.) Kisha mabomba husafishwa kipande kimoja kimoja kwa kupuliza gesi kavu ya naitrojeni, iliyopunguzwa nguvu kwa regyuleta, mpaka mwisho wa bomba utoe hewa kavu na safi. Baada ya kompresa kuungua, mara nyingi kupuliza peke yake hakutoshi. Hutumika pia dawa maalumu ya kuosha mabomba, nayo hutolewa yote kwa naitrojeni.

Halafu filta. Ndani ya kikopo kile cha shaba kuna chembechembe zinazonyonya unyevu. Zikishashiba, basi. Kwa hiyo kila mara mfumo unapofunguliwa filta huwekwa mpya, na hiyo mpya haifunguliwi pakiti yake mpaka dakika ya mwisho. Fundi anayefika na filta iliyokaa wazi mfukoni mwake amekuja na unyevu wa mtaa mzima. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi hii, na ndicho kinachorukwa mara nyingi kuliko vyote.

Mabomba yakishaunganishwa na kupimwa kama yanavuja, inakuja sehemu ambayo mafundi wa haraka huiruka: kuvuta hewa yote kwa pampu. Sababu yake ni rahisi. Sisi tumezoea kwamba maji huchemka kwa joto la nyuzi 100, lakini hiyo ni kwa uzito wa hewa ya kawaida tunayoishi ndani yake, ambao hupimwa kuwa milimita 760 za zebaki. Ukiipunguza hewa ndani ya bomba mpaka kama milimita 32, maji huchemka kwa nyuzi 30 tu, yaani kwa joto la mchana la pwani. Yanageuka mvuke na kutoka na pampu. Fundi mzuri huenda mbali zaidi, mpaka chini ya nusu milimita, kipimo ambacho saa yake huonyesha kuwa maikroni 500. Hapo hufunga vali, huzima pampu na kutazama. Mshale ukipanda kidogo na kutulia juu zaidi, bado kuna unyevu. Ukipanda bila kukoma, kuna tundu. Ukibaki pale pale, kazi ni safi.

Hilo si jambo la dakika 5. Friji lililoingia maji huvutwa, hujazwa naitrojeni kavu, huvutwa tena, na mara nyingine hurudiwa hata mara tatu. Kwa hiyo fundi akikaa nusu siku kwako, mpikie chai.

Wapo mafundi wanaotumia kompresa ya friji chakavu badala ya pampu. Inavuta, lakini haifiki kina kinachotakiwa, na yenyewe huweza kuwa imejaa mafuta machafu. Wengine hufungulia gesi kidogo ipite kusukuma hewa nje. Hewa hutoka kwa sehemu, maji hubaki.

Yasiyokubalika nyumbani mwako

Usiruhusu mabomba kusafishwa kwa petroli au mafuta ya taa. Mabaki hayatoki yote, na yakikutana na moto wa kuchomelea ni hatari. Upepo wa mashine ya kujazia matairi haufai pia kwa sababu una maji na mafuta ndani yake.

La kutisha kuliko yote ni mtungi wa oksijeni. Wachomeleaji wengi wanao, na fundi asiye na naitrojeni hushawishika kuutumia kupulizia mabomba au kutafuta mahali panapovuja. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka kama bomu. Ukiuona mtungi huo unaunganishwa na friji lako, simamisha kazi, watoe watoto nje, na usione haya kuonekana mjuaji.

Tena tazama kibandiko nyuma ya friji. Ukikuta R600a, pamoja na alama ya moto ndani ya pembetatu, gesi hiyo ni isobyuteni, jamaa ya gesi ya kupikia. Haina madhara kwa tabaka la ozoni, nayo ni kidogo. Kikomo kilichozoeleka kwa friji za nyumbani ni gramu 150, na nyingi zina pungufu ya hapo. Lakini inawaka, na kwa kawaida haikutiwa harufu ya kututahadharisha. Ikitobolewa, usiliwashe friji tena. Zima jiko, fungua milango na madirisha, usibofye swichi za karibu mpaka hewa ibadilike. Kazi ya fundi ifanyike nje au mahali penye hewa nyingi, na moto usiwashwe kwenye bomba ambalo bado lina gesi. Kiasi cha kujaza kipimwe kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko, si kwa kukisia kwa kugusa bomba.

Kama ni R134a, haiwaki kwa namna hiyo, lakini haifai kuachiwa hewani. Kilo 1 ya gesi hiyo hupasha dunia joto sawa na zaidi ya kilo 1,000 za kaboni dioksidi. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, na kukubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Zile za zamani zaidi kama R12, zilizotoboa tabaka la ozoni, zilikwisha kupigwa marufuku kwa mapatano ya Montreal ya mwaka 1987, na nchi zetu zilifikia ukomo wake mwaka 2010. Friji la mtumba lenye maandishi ya R12 ni mzigo, hata likiuzwa kwa bei ya kutupa.

Kutengeneza au kuacha?

Hapa mke na mume wakae chini wapige hesabu pamoja, kabla fundi hajaanza. Tundu dogo lililozibwa mapema, friji likiwa halijawashwa tena, linafaa kutengenezwa. Kompresa iliyoungua katika friji la miaka 15 lililokwisha kuungua mara moja kabla, mimi nasema waache. Usafishaji kamili, filta, mafuta na kompresa mpya vinaweza kukaribia bei ya friji jingine. Mkiamua kuliweka nje, ng’oeni mlango siku hiyo hiyo, maana mtoto anayejificha ndani ya friji kuukuu anaweza kufungiwa na kukosa hewa.

Nyumba yenye mgonjwa wa kisukari isisubiri matokeo ya majaribio ya fundi. Insulini ya akiba hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 na haitakiwi kugandishwa, kwa hiyo friji linalopoza na kuacha halifai hata siku moja. Ipelekeni kwa jirani au mshirika wa kanisani mwenye friji zima.

Wenye viyoyozi nao wasidhani hayawahusu. Kiyoyozi cha vipande viwili huunganishwa mabomba nyumbani kwako, na hewa yote ya mabomba hayo inapaswa kuvutwa kwa pampu kabla gesi haijafunguliwa. Fundi akimaliza kufunga kiyoyozi bila pampu kuonekana, usisaini kwamba kazi imekamilika.

Na kisu? Kitoke kabisa katika kazi ya kuyeyusha barafu. Zima friji usiku, weka sufuria ya maji ya moto ndani, funga mlango, na asubuhi barafu itadondoka yenyewe. Mweleze msichana wa kazi sababu, si amri tu. Halafu chukua kipande cha karatasi, andika tarehe ya matengenezo, aina ya gesi, gramu zilizojazwa na siku filta ilipobadilishwa, ukibandike nyuma ya friji kwa ajili ya fundi atakayekuja.