Kona Inayokosekana Kwenye Mraba

Namba gani ukiizidisha kwa yenyewe, kisha ukajumlisha mara kumi yake, unapata 39? Mwanafunzi wa sekondari ataandika x² + 10x = 39. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833), alilitatua swali hilihili kwa maneno matupu, bila x wala alama ya kujumlisha. Njia yake ingali inafundishwa: kukamilisha mraba.

Chukua nusu ya 10, yaani 5. Zidisha 5 kwa 5, upate 25. Jumlisha 25 pande zote mbili za mlinganyo. 39 inakuwa 64. Kipeuo cha pili cha 64 ni 8. Toa 5, inabaki 3. Hakiki: 9 + 30 = 39.

Wengi hukariri hatua hizi na kufaulu mtihani bila kujua kwa nini 10 inagawanywa kwa 2. Al-Khwarizmi alionyesha sababu kwa mchoro. Chora mraba wenye upande x. Eneo lake ni x². Ile 10x ni mstatili wenye urefu x na upana 10. Ukiuunganisha wote upande mmoja wa mraba, unapata mstatili mrefu tu. Basi ugawe vipande viwili vya upana 5, kimoja ukiweke kulia kwa mraba, kingine chini yake. Sasa umbo linakaribia kuwa mraba mkubwa wenye upande x + 5, ila kona moja ina pengo la 5 kwa 5. Ile 25 ndiyo inayoziba pengo hilo. Eneo lote linakuwa 64, hivyo x + 5 = 8.

Hata hivyo, mchoro hauonyeshi kila kitu. −8 mara −8 nayo ni 64, kwa hiyo x + 5 yaweza kuwa −8, na x ikawa −13. Hakiki tena: 169 − 130 = 39. Al-Khwarizmi hakulihesabu jibu hili, kwani hakuna upande wenye urefu hasi.

Kwa hiyo ukishapata majibu, lisome swali upya. Likiuliza upana wa shamba, andika 3 peke yake. Likiuliza namba tu, ukiacha −13 utakuwa umejibu nusu.