Gari la Marehemu Baba Lapasua Kama Bunduki

Ninalo gari kuukuu aina ya Peugeot 404, aliloniachia marehemu baba. Ni ndugu wa zile zilizoshinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwezi uliopita lilikuwa limchukue dada yangu mdogo siku ya arusi yake. Siku mbili kabla, likaanza kupasua, pah! pah! Hata wauza mahamri wakalala chini.

Fundi wa kwanza alilitazama kidogo tu, akasema injini imekwisha, niuze vyuma. Iliniuma sana.

Nikamwendea mzee mmoja wa Majengo. Hakushika spana. Aliuliza, "Mwanangu, linapasukia kwenye kabureta au kwenye ekzosi?" La ekzosi, alisema, kwa kawaida ni petroli isiyoungua kwenye silinda, ikaenda kuwakia bombani. La kabureta ni hewa kuzidi petroli, au moto kuwaka vali ya kuingizia ikiwa wazi bado.

Langu lilikuwa la kabureta. Akafungua kifuniko cha distributa, akakipangusa, akanionyesha ufa mwembamba kama unywele. Injini hii huwaka kwa mpango wa 1-3-4-2. Basi moto wa silinda ya kwanza ulikuwa ukirukia ya tatu, nayo ingali inavuta hewa na petroli! Na yule mwingine alitaka niuze vyuma.

Mzee alitoa kifuniko kingine katika sanduku lake la makorokoro. Pesa alizikataa, alidai sahani ya pilau ya arusi, nikampelekea mbili.