Utambue Mturituri Kabla Mifugo Haijaula

Mfugaji wa Mwimbi, unaposhusha mifugo kutoka uwanda wa Ufipa kwenda malisho ya chini, kagua vichaka kwanza. Mturituri hutambaa na kujizungusha kwenye miti, na mbegu zake zina sumu kali.

Maua: Ni madogo, ya zambarau iliyopauka au waridi, yamesongamana kwenye kikonyo kimoja. Umbo lake linafanana na maua ya kunde. Ung'oe mmea wakati huu, kabla haujazaa.

Tunda: Ni ganda fupi, bapa, la sentimita 3 hadi 4. Likikauka hupasuka na kujikunja, mbegu zikabaki zimening'inia: nyekundu, zinang'aa, zenye doa jeusi upande mmoja.

Mbegu nzima ni ngumu, huweza kupita tumboni bila kudhuru. Iliyotafunwa au kusagwa ndiyo inayoua. Dalili huweza kuchelewa: mnyama huacha kula, hudhoofika, huharisha, pengine damu. Sumu hii haina dawa yake maalumu, hivyo mwite mtaalamu wa mifugo mapema. Watoto wachungaji nao wasizitie mdomoni.