Tapeli Ana Laini Tano? Mchoro Unaweza Kumuanika

Tuseme tapeli amekudanganya ukatuma shilingi 5,000. Pesa hizo hazikai kwake. Chapchap zinagawanywa: 2,000 laini hii, 3,000 laini ile, halafu zote zinatolewa kwa ajenti. Kwenye orodha ya kawaida, unaona nambari tu, moja baada ya nyingine. Lakini chora kila laini kama duara na kila malipo kama mshale, na utaona njia nzima.

Hiyo ndiyo kazi ya hifadhidata za grafu na programu za kuzichora. Wanahabari wa ICIJ walizitumia kuchunguza Panama Papers, nyaraka milioni 11.5 zilizofichuliwa mwaka 2016, ili kuona nani anahusiana na kampuni gani.

Shida ilikuwa lugha. Hifadhidata moja inaulizwa kwa Cypher, nyingine kwa Gremlin. Mchunguzi akibadilisha mfumo, anaanza darasa upya. Aprili 2024, shirika la viwango la ISO lilichapisha lugha moja ya pamoja, GQL. SQL, ile lugha ya hifadhidata za majedwali, ilipata kiwango chake cha ISO mwaka 1987. Kwa GQL, hata swali lenyewe linafanana na mchoro: laini inaandikwa ndani ya mabano, malipo yanaandikwa kama mshale. Programu ya kuchora ikielewa lugha hii, mchunguzi anaweza kuuliza, “Pesa za laini hii zilifika wapi, hatua tatu mbele?” na jibu likatokea kwenye skrini.

Sasa hii inakuhusu vipi?

Kwanza, swali lazima lianzie mahali, na mahali penyewe ni nambari unayoripoti. Usiporipoti, hakuna pa kuanzia.

Pili, wahi. Pesa zikishatolewa taslimu, mshale unaishia hapo.

Tatu, kuwa kwenye mchoro si kuwa na hatia. Mama mboga aliyelipwa na tapeli huyo atatokea pia, na hajakosea lolote. Ndiyo maana mchoro unaonyesha njia, lakini uamuzi unabaki kwa binadamu.

Kwa hivyo usione aibu kwamba ulidanganywa. Usifute ujumbe ule. Piga simu huduma kwa wateja mara moja, na usimpe mtu yeyote PIN yako, hata akisema anatoka kwetu.